Figo Lisilo na Mhuri

Haya hayakutokea zamani za kale. Yalitokea juzijuzi, katika nchi ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa kulitaja kwa maandishi kunahitaji kibali, kibali kinahitaji mhuri, na mwenye mhuri amekwenda semina. Mradi ujue kwamba ni nchi nzuri, ina amani, na kila kitu ndani yake kimethibitishwa.

Mimi naitwa Shebe. Nina meza, kompyuta na mashine ya kuchapa chini ya turubai, hatua kumi kutoka ofisi ya Mthibitishaji Viapo wa Wilaya. Watu huniletea shida zao kwa mdomo, nami nazigeuza ziwe aya zenye namba. "Kwamba, mimi ni mtu mzima mwenye akili timamu." "Kwamba, cheti changu cha ndoa kililiwa na mchwa." Nimepiga chapa viapo miaka kumi na miwili na sikuwahi kusoma hata kimoja. Mpiga chapa hodari hasomi. Macho yanaona, vidole vinapita, roho iko kwenye chai. Nilikuwa nikijivunia jambo hilo mbele za watu.

Msingi wa nchi yetu ni Sheria ya Kuaminiana. Ilipitishwa baada ya serikali kugundua kwamba wananchi walikuwa wakiaminiana ovyo, bila utaratibu. Mtu anasema "huyu ni mke wangu," watu wanaitikia tu. Mwingine anasema "leo naumwa," anaambiwa pole. Bunge likaona huu ni upotevu wa imani ya taifa. Tangu siku hiyo hakuna neno linaloaminiwa mpaka liapwe mbele ya Mthibitishaji, lipigwe mhuri, liwekwe kwenye faili. Hata muuza maziwa anaapa kila mwezi kwamba anachouza ni maziwa. Akitoka hapo anaongeza maji, lakini maji hayamo kwenye kiapo, kwa hiyo hakuna uongo uliosemwa.

Na ili mtu asije akaapa kwa jina la mwenzake, wakaweka kifungu cha saba. Kifungu cha saba kinasema Mthibitishaji asimwapishe mtu asiyemfahamu yeye binafsi. Kama hamfahamu, aletwe shahidi anayefahamika kwa Mthibitishaji, naye shahidi amtambulishe huyo mwapaji. Ni kifungu kizuri sana. Kasoro yake ni ndogo tu: Mthibitishaji wetu, Wakili Msomi Eliufoo Kidundo, alikuwa hafahamu watu. Alimfahamu mkuu wa wilaya, meneja wa maji, na mwenye hoteli iliyo mkabala na ofisi. Wilaya ina watu laki mbili.

Ndipo ikazaliwa kazi ya Wajulikanao. Hawa walikuwa wanaume sita waliokaa kwenye benchi nje ya mlango wa Wakili, kila mmoja na kitambulisho shingoni. Kazi yao ilikuwa kujulikana. Unamtajia mmoja wao jina lako mara mbili, mnaingia pamoja, anamwambia Wakili, "Huyu nimemjua tangu utoto wake," hata kama wewe una mvi na yeye ana ndevu za juzi. Unaapa, unatoka, unamshukuru.

Lakini wiki ninayoisimulia benchi lilikuwa tupu. Mmoja wa Wajulikanao alikuwa amemtambulisha bwana mmoja aliyekuja kuuza shamba, kumbe bwana huyo alikuwa amekufa miaka minne iliyopita, na aliyekuja ni jirani yake. Serikali haikucheka. Wote sita walikamatwa, na mpaka siku ile walikuwa bado rumande, wakisubiri apatikane mtu wa kuwatambulisha.

*

Jumatatu asubuhi alinijia Bibi Mkunga.

Kama hukuzaliwa mji wetu, humjui. Alikuwa mkunga wa hospitali ya wilaya kwa miaka thelathini na kitu, na nusu ya mji imepita mikononi mwake. Mimi alinipokea yeye. Watoto wangu watatu aliwapokea yeye, na wa mwisho alikaa na mke wangu siku mbili bila kwenda kwake hata kuoga. Kila mtu anamwita Bibi Mkunga. Kwetu mtu mzima haitwi jina lake. Ukithubutu, utaulizwa umelelewa wapi, na mama yako atatumiwa ujumbe kabla hujafika nyumbani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Shebe mwanangu. Watoto hawajambo? Yule wa kikohozi?"

"Amepona, Bibi."

"Haya, nipigie kiapo. Hospitali wamesema bila hicho hawanipasui."

"Wakupasue una nini tena?"

"Sina kitu. Nina mafigo mawili. Moja nampa Havijawa."

Havijawa ni mdogo wake wa mwisho, fundi cherehani, ndiye anayeshonea sare shule zote tatu za mji. Mafigo yake yalikuwa yamekufa. Kwa miezi minane alikuwa akisafishwa damu kwa mashine ya hospitali yetu, mashine moja, ambayo nayo ilikuwa mgonjwa kuliko wengi iliowahudumia. Wiki ile walikuwa wamekuja madaktari bingwa kutoka ng'ambo, kupasua watu bure. Mgonjwa wa mwisho angeingizwa chumba cha upasuaji Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo wangefunga mizigo yao, na kuja tena ingekuwa mwakani, Mungu akipenda.

"Damu zimelingana, Shebe," alisema, na uso wake ulikuwa umechangamka kweli. "Daktari amesema ndugu kulingana hivi ni nadra. Kila kitu tayari. Bado karatasi tu."

Sheria ya kiapo hicho siilaumu. Inataka mtu anayetoa kiungo aape kwamba anatoa kwa hiari, hajauza, hajatishwa. Nikanakili jina kwenye kitambulisho chake, nikapiga chapa. "Kwamba, mimi, Zamda Mwinchande Ungando, mtu mzima mwenye akili timamu, natoa figo langu la kushoto kwa hiari yangu mwenyewe." Aya sita. Vidole vilipita, roho ilikuwa kwenye chai.

"Na wewe humo ndani si unajulikana?" akaniuliza.

"Najulikana sana," nikasema. Ilikuwa kweli. Wakili alikuwa akinituma wino wa mashine na wakati mwingine maandazi. "Nitakutambulisha mimi mwenyewe, Bibi. Hii kazi ya dakika tano."

*

Wakili Kidundo alikuwa na mihuri kumi na minne mezani, imepangwa kwa kimo, na kitambaa cha kuifutia. Hakuinua uso mpaka alipomaliza kufuta wa mwisho.

"Karibuni mbele ya sheria," alisema.

"Eliufoo, hujambo baba? Mama yako vipi, goti limepoa?"

Wakili alikohoa. "Mama, humu ndani mimi ni Mheshimiwa Mthibitishaji."

"Haya, Mheshimiwa. Goti limepoa?"

"Linaendelea vizuri. Sasa, kwa mujibu wa kifungu cha saba, nalazimika kujiuliza kama ninakufahamu." Akajiuliza kwa kitambo, akitazama dari. "Sikufahamu."

"Hunifahamu? Wewe ulitanguliza miguu! Nilikuhangaikia mchana kutwa, mama yako anaita malaika wote kwa majina. Alama ya kwenye bega la kulia bado unayo?"

Niliona mkono wake unataka kwenda begani, akauzuia.

"Mama, hebu tuelewane kisheria. Unachothibitisha ni kwamba wewe unanifahamu mimi. Hilo sina ubishi nalo. Sheria inataka mimi nikufahamu wewe. Na siku hiyo unayoitaja, kwa hali niliyokuwa nayo, sikuwa na uwezo wa kumfahamu mtu."

Bibi Mkunga akanitazama mimi. Nikasogea mbele, nikavuta shati.

Utaratibu wa kutambulisha ni huu. Shahidi anampa mwapaji mgongo, anatazamana na picha ya Rais, na anataja majina matatu kamili ya mtu aliye nyuma yake. Nilikuwa nimewaona Wajulikanao wakifanya hivyo mara elfu.

"Shahidi, unamfahamu huyu?"

"Namfahamu, Mheshimiwa. Tangu sijajifahamu mwenyewe."

"Ni nani?"

"Bibi Mkunga."

"Jina."

"Bibi... Mkunga."

Nilikuwa nimelipiga chapa jina lile robo saa iliyopita, kwa vidole hivi hivi. Nikakodolea karatasi iliyokuwa mezani. Wakili akaifunika kwa kiganja.

"Kusoma si kufahamu, Shebe."

"Mheshimiwa, huyu ndiye aliyenizalishia mke. Alikaa naye siku mbili. Mtoto alitoka kimya, yeye akampulizia pumzi mdomoni mpaka akalia. Nyumba yake ina mlango wa kijani. Anapenda chai ya tangawizi bila sukari."

"Hayo ni maisha. Sijakuuliza maisha, nimekuuliza jina."

Miaka thelathini na mitano nimemwamkia mwanamke yule, na sikuwa na jina lake. Hakuna aliyewahi kulitamka mbele yangu. Nilitamani sakafu ya serikali ipasuke.

Wakili akachukua daftari kubwa, akaandika huku akisoma kwa sauti, kama kawaida yake. "Shahidi hamfahamu mwapaji. Jaribio la kuapa kwa jina lisilojulikana. Kwa kifungu cha kumi na moja, mwapaji hataruhusiwa kufika mbele ya Mthibitishaji yeyote wa wilaya hii kwa muda wa siku kumi na nne, ili apate nafasi ya kujulikana."

"Ijumaa saa sita, Eliufoo," alisema Bibi Mkunga. "Mdogo wangu ana mpaka Ijumaa saa sita."

"Nakuelewa sana, mama. Kama binadamu, nakuelewa. Anayefuata!"

Nje, nilimwomba radhi mpaka sauti ikanikauka. Hakunigombeza. Alinishika bega akasema, "Usijali, mwanangu. Hata Havijawa ananiita Dada tu." Afadhali angenitukana.

*

Lakini nchi yetu haimwachi mtu njiani. Kuna huduma ya mtandaoni, Kiapo Kiganjani, iliyoanzishwa kwa wale wanaoshindwa kufika ofisini, na pia wale waliofika wakashindwa. Jumanne nilifunga kibanda, nikamhamishia Bibi Mkunga kompyuta yangu sebuleni kwake.

Mtandao ulitaka kwanza alama za vidole. Aliweka kidole gumba kwenye kioo cha simu. "Hakuna kidole," ikajibu. Akaweka kingine, hakuna kidole. Miaka thelathini ya maji ya moto na dawa za kuulia vijidudu ilikuwa imefuta mistari yote. Tulijaribu vyote kumi, na mwisho mashine ikatushauri tujaribu tena tukiwa na mikono.

Tukaenda kwenye uso. Uso ulipokelewa, kisha yakatokea maandishi: "Ili kuthibitisha kwamba wewe ni mtu hai, tafadhali tabasamu."

"Nitabasamu nini?" akauliza.

"Kidogo tu, Bibi. Ni mashine."

Alijitahidi. Ilikuwa kazi ngumu kuitazama. Mashine ikashukuru, ikalinganisha tabasamu lile na picha ya kitambulisho cha taifa, ambayo kwa sheria hupigwa bila kutabasamu, ikasema hawa ni watu wawili. Mara ya nne ndipo akapata sura iliyo katikati ya kucheka na kulia, ikakubaliwa.

"Hongera! Wewe ni wa 3,112 kwenye foleni. Foleni yetu haina kusukumana."

Jumatano tulikaa wodini na foleni ile mkononi. Havijawa alikuwa amelala ubavu, miguu imevimba, na kando ya mto aliweka shati la sare alilokuwa akishona vifungo kwa mkono, kimoja kimoja, akipumzika kila baada ya sindano tatu.

"Dada, tumefika wa ngapi?"

"Elfu moja na mia sita."

"Si mbaya. Waambie wanipige mhuri mimi mwenyewe, hapa kwenye paji la uso, tumalize."

Tulicheka. Kisha akanigeukia, Bibi Mkunga alipokwenda kuchota maji, akaniambia taratibu, "Shebe, mimi sina hofu ya kufa, nina hofu ya yeye. Tangu mama afariki ndiye amenilea. Nikifa kwa kukosa figo ambalo alishanipa, hataweza kulala tena." Nilichukua shati nikamalizia vifungo viwili, vibaya, naye akavifumua.

Usiku kucha sikufanya kazi nyingine ila kukariri jina. Zamda Mwinchande Ungando. Niliwakaririsha hata wanangu, na mke wangu akaniuliza kama nimepata mwanamke.

*

Alhamisi alasiri zamu yetu ilifika. Kwenye kioo akatokea binti mwenye spika masikioni na bendera nyuma yake. Alijitambulisha kuwa ni Afisa Kiapo Namba Tisa.

"Mwapaji, je, uko peke yako chumbani? Sheria inataka uwe peke yako, ili tujue hulazimishwi."

"Niko peke yangu."

"Shahidi wako yuko wapi? Sheria inataka awe kando yako."

Bibi Mkunga alikuwa mwanamke wa akili. Hilo tulishalisoma kwenye masharti, na mimi nilikuwa nimesimama nje, nimeshika nondo za dirisha. Hapo sikuwa chumbani, na bado nilikuwa kando.

"Shahidi, mtaje!"

"Zamda Mwinchande Ungando!" Nilipaza sauti kuliko ilivyohitajika. Mtaa mzima uligeuka. Muuza mkaa akasimamisha baiskeli, akauliza huyo ni nani, kuna msiba?

"Mwapaji, je, bwana huyo wa dirishani anakulazimisha?"

"Hapana, mwanangu. Ananitambulisha."

"Mbona anapiga kelele?"

"Alipitiwa mara ya kwanza."

Afisa akaandika. Kisha akaanza maswali, naye aliyasoma kwa adabu, siwezi kumsingizia.

"Unatoa figo kwa hiari yako?"

"Ndiyo."

"Umeahidiwa chochote?"

"Hapana."

"Sasa sababu ya kutoa ni nini?"

"Ni mdogo wangu."

"Samahani, hiyo haimo kwenye orodha. Nina Biashara, Utafiti, Amri ya Mahakama, na Nyinginezo."

Bibi Mkunga alivuta pumzi. "Andika Nyinginezo."

"Ahsante. Hati yako itatumwa kesho saa mbili asubuhi. Kwa huduma hii, unatupa nyota ngapi?"

Alitoa tano. Angetoa mbingu nzima.

*

Ijumaa saa mbili kamili hati ilikuja, na mhuri wake wa zambarau, na majina yote matatu bila kosa. Nilikuwa nikiruka kwa furaha nikichapisha nakala mbili, maana mazoea ya kazi yangu ni kuchapisha mbili, ndipo kwa mara ya kwanza maishani nikasoma mpaka chini kabisa. Mstari wa mwisho, wa herufi ndogo, ulisema: "Hati hii ya mtandaoni itakuwa halali baada ya kuchapishwa, na nakala yake kuthibitishwa na Mthibitishaji wa Wilaya kuwa ni nakala halisi."

Tulikimbia. Mlango wa Wakili ulikuwa na kufuli na kibao: TUPO UWANJANI. SIKU YA MHURI.

Siku ya Mhuri ni sikukuu kubwa kwetu, nami nilikuwa nimeisahau. Uwanja ulifurika, na kupenya mpaka getini kulitugharimu saa mbili. Walikuwepo watoto wa shule wamevaa sare zilizotoka kwenye cherehani ya Havijawa, wakiimba ubeti kuhusu uthibitisho. Mbele ya jukwaa ulikuwepo Mhuri wa Taifa, uliotengenezwa kwa ajili ya siku hiyo, mkubwa kuliko meza ya kulia watu wanane, unaning'inia kwenye mnyororo. Na kwenye kipaza sauti alikuwepo Mheshimiwa Waziri wa Uthibitisho mwenyewe.

"Ndugu wananchi! Tulipopata uhuru, nchi hii ilikuwa na mihuri mingapi? Mitatu! Leo tuna mingapi? Hatujui! Ni mingi mno!"

Makofi. Ilikuwa saa nne na nusu.

Mimi nilizuiwa getini kwa kukosa kitambulisho. Bibi Mkunga alipita. Askari wawili walimpisha hata kabla hajafungua mdomo. "Shikamoo, Bibi Mkunga, pita, pita," na mmoja akamshika mkono avuke shimo. Nikapenya nyuma yake. Alitembea katikati ya uwanja, peke yake, karatasi mbili zimeinuliwa juu, mpaka chini ya jukwaa alipokaa Wakili Kidundo.

"Eliufoo! Mhuri mmoja tu, mwanangu. Mmoja!"

Wakili alijificha nyuma ya programu ya sherehe. Lakini Waziri alikuwa ameona, na kamera zilikuwa zimeona pia. Akamwita jukwaani, akamsikiliza, na kwa kweli macho yake yalilowa. Akaugeukia umati.

"Ndugu wananchi, mama huyu ni ushahidi kwamba mfumo wetu unafanya kazi! Jumatatu alikuwa hajulikani. Leo ni Ijumaa tu, anajulikana na taifa zima! Naagiza asaidiwe sasa hivi, tena asisaidiwe kwa mhuri wa kawaida!"

Umati ulipiga vigelegele. Mimi nilipiga kelele hapana, lakini nani anamsikia mpiga chapa. Vijana wanane walikamata mnyororo. Hati ililazwa kwenye kitambaa cheupe. Ikapigwa wimbo wa taifa, beti zote. Mpiga picha akaomba wangoje kidogo, jua lilikuwa limekaa vibaya. Kisha Mhuri wa Taifa ukashuka, ukainuliwa, na karatasi yote ikawa zambarau, ukingo hadi ukingo. Neno lolote lililokuwamo halikuonekana tena. Mhuri ulikuwa mkubwa kuliko hati.

Waziri aliinyanyua mbele ya kamera, ikamchuruzikia wino mkononi. Akampa Bibi Mkunga, akampa na khanga ya sherehe. Kisha akaendelea na hotuba.

Tulikuwa na nakala ya pili. Wakili hakuweza kuondoka Waziri akiwa bado anahutubia, na Waziri alihutubia mpaka saa sita kasorobo. Aliposhuka tu, Wakili alitoa mhuri mdogo mfukoni, akaupuliza, akagonga. "Bibi, kimbieni," alisema, na hakusema Mheshimiwa wala kifungu.

Tulifika hospitali saa sita na dakika ishirini na tano. Nafasi ya Havijawa ilikuwa imepewa mtu mwingine, mwenye karatasi kamili, naye alikuwa ameshalazwa mezani. Simlaumu, hata yeye ana ndugu. Daktari mgeni alitoka na kofia yake ya kijani, akaipokea hati, akaisoma yote mpaka chini, akamtazama Bibi Mkunga. Alijua neno moja tu la kwetu. Akasema, "Pole."

*

Havijawa aliishi siku ishirini na mbili baada ya hapo. Zamu yake ya mashine iliruka mara tatu kwa kukosa umeme. Alimaliza vifungo vya lile shati. Jumamosi alfajiri akafa, dada yake amemshika mkono.

Nina hasira, na sijui niipeleke wapi, kwa kuwa hasira ya mtu asiyethibitishwa haipokelewi. Lakini nina hasira na mimi pia. Majina yalikuwa matatu tu. Yalikuwa mbele yangu, kwa wino wangu.

Saa mbili asubuhi Bibi Mkunga alinitumia ujumbe niende naye kuchukua mwili, na nisiende mikono mitupu, maana kama walimkatalia kumpa Havijawa figo, Havijawa mwenyewe wangekataa vilevile kumkabidhi. Nilipiga chapa kiapo kirefu kuliko vyote nilivyowahi kupiga. "Kwamba, mimi, Zamda Mwinchande Ungando, ni dada halisi wa marehemu." Nikakisoma neno kwa neno, mara tano, nikilia. Nikachapisha nakala sita. Nikabeba kitambulisho changu, cheti cha kuzaliwa, na barua ya mtaa.

Mhudumu wa chumba cha maiti alikuwa mzee mwenye viatu vya mpira. Alifungua daftari lililokunjika pembe.

"Mmemjia nani?"

"Havijawa Mwinchande Ungando," alisema Bibi Mkunga. "Ni mdogo wangu."

"Haya, mama. Weka saini hapa."

Bibi Mkunga hakuchukua kalamu. Alinyoosha mkono kwangu, nikampa karatasi zote, akaziweka juu ya daftari, akazinyoosha kwa kiganja. "Kiapo ni hiki. Bado hakijagongwa mhuri, leo Jumamosi. Na huyu ni shahidi, anajulikana kwa Mthibitishaji. Sasa hivi jina langu analijua. Muulize."

Nilishageuka ukutani, nimempa mgongo, tayari kutaja.

Mzee yule alizisogeza karatasi pembeni bila kuzisoma. "Za nini hizi, mama? Si umesema ni mdogo wako?"

"Ndiyo."

"Basi. Nimekusikia."

"Inatosha?"

"Inatosha, mama. Mchukue."